Jinsi ya Kusuka Mkeka Usiochanika

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye simu, bando, na shilingi elfu moja ya akiba ambayo kwa kweli ni nauli ya kesho. Nimefundisha hesabu sekondari tangu nywele zangu zikiwa nyeusi hadi zilipoamua kuondoka kabisa, na sasa nimestaafu. Kila jioni nakaa kijiweni hapa Magomeni, kwenye kahawa na kashata, nikisikiliza mihadhara ya uwezekano ambayo miaka yote ile sikuthubutu kuitoa darasani. Wahadhiri ni madereva wa bodaboda, fundi redio mmoja, na mpwa wangu, kijana aliyeachana na hesabu kidato cha pili kwa ugomvi lakini leo anazijua odi za ligi ya Ufini hadi daraja la pili. Nimeona ni dhambi elimu hii ioshwe pamoja na vikombe. Nimeikusanya.

Kwa msomaji asiye wa Bongo: mkeka ni tiketi moja ya kubeti yenye mechi nyingi ndani yake. Mechi zote zikienda ulivyotabiri, mkeka umetiki. Ikikosa moja tu, hata ile iliyochezwa mbele ya watazamaji arobaini na mbwa, mkeka umechanika. Sheria ya nchi huiita shughuli hii michezo ya kubahatisha. Sisi kijiweni tunaiita uchambuzi.

Kwanza, kila kitu ni hamsini kwa hamsini

Jambo lolote duniani ama litatokea ama halitatokea. Hayo ni mambo mawili. Mia gawanya kwa mbili ni hamsini. Ukishaimeza kanuni hii hutahitaji nyingine. Fundi redio wetu anaitumia kazini: mteja akileta redio iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, anaitazama kwa huruma na kutamka, "Hii ama itapona ama haitapona, hamsini kwa hamsini," kisha anapokea malipo ya awali kwa kutegemea hamsini ya kwanza. Kwa kanuni hiyohiyo, nikiinama kesho kufunga kamba za viatu pale Magomeni Mapipa, ama nitaokota almasi ama sitaokota. Nimeinama mara nyingi. Nadhani hamsini yangu bado iko njiani inatoka mgodini Mwadui.

Mwalimu aliyesinzia ndani yangu hunong'ona kwamba kuyahesabu matokeo na kuyagawia sawasawa kunaruhusiwa pale tu matokeo yenyewe yanapolingana uzito, kama pande sita za dadu isiyochezewa. Namwambia alale.

Ukikosea hapo usione haya. Umekosea pamoja na watu wa heshima. Ufaransa ya karne ya 17 ilikuwa na bwana mmoja, Antoine Gombaud, aliyejulikana kama Chevalier de Méré, mpenzi wa kamari. Alijua kwamba ukirusha dadu moja mara 4, kubeti kwamba sita itatokea walau mara moja kunalipa kidogo. Akawaza kama fundi wetu: dadu mbili zina matokeo 36, yaani mara sita ya yale 6; basi mirusho 4 nayo nizidishe mara sita, iwe 24, na kubeti kwamba sita zote mbili zitatokea pamoja ndani ya mirusho hiyo kutalipa vilevile. Hakukulipa. Akapeleka malalamiko kwa Blaise Pascal kwamba hesabu inajipinga yenyewe, na mwaka 1654 Pascal akaandikiana barua na Pierre de Fermat juu ya mambo hayo ya kamari. Somo zima lililowatesa wanafunzi wangu limetoka kwenye barua za mtu aliyechaniwa mkeka.

Njia yenyewe ya kulitatua fumbo lile ni ya kizembe, na ndiyo maana niliipenda: usihesabu kupata, hesabu kukosa. Kukosa sita kwa mrusho mmoja ni 5/6. Kukosa mara nne mfululizo ni 5/6 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara nne, karibu asilimia 48.2, kwa hiyo kupata ni 51.8. Fanya hivyo kwa dadu mbili, 35/36 mara ishirini na nne, na kupata kunashuka hadi 49.1. Kati ya kula na kuliwa palikuwa na asilimia zisizofika tatu.

Jaza mechi, umoja ni nguvu

Jumamosi moja mpwa wangu alinionyesha mkeka wa mechi kumi. "Mjomba, hizi zote shua. Kila moja asilimia sabini." Kwa moyo wa kitafiti sikumbishia hata hizo sabini. Nilimuuliza tu mkeka mzima una asilimia ngapi. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina la baba yake. "Sabini, Mjomba. Si nimekwambia? Labda na zaidi, maana ziko nyingi."

Kanuni ya pili ndiyo hiyo: uhakika unajumlishwa. Timu kumi nzuri zikikaa pamoja zinatiana moyo. Usithubutu kuzidisha, kwa sababu ukizidisha utaona mambo yasiyofaa kwa mtu aliyekwisha kulipa. Sabini ya sabini ni arobaini na tisa. Yaani mechi mbili tu na tayari uko chini ya nusu. Ya tatu inakufikisha 34. Ya kumi inakuacha na asilimia 2.8. Katika mikeka mia ya aina hiyo, tisini na saba inachanika, na hii ni kama mechi hazihusiani na kila moja kweli ni sabini, jambo ambalo nilimwachia bure kwa sababu ni mtoto wa dada yangu.

Mama yangu, mzaliwa wa Rufiji, alikuwa akisuka mikeka ya ukindu, ile ya kukalia. Jani likikatika katikati ya kazi alichomeka jingine akaendelea. Mkeka ukitoboka baada ya miaka ulihamishwa kutoka sebuleni kwenda uani, na kutoka uani ukaenda kuanikiwa mpunga. Hakuna mkeka wake uliotoweka kwa ajili ya jani moja. Sijui nani aliyeiba jina lile akalipa tiketi ya simu, lakini alikuwa mtu wa masihara: amechukua kitu kinachosimama hata kikipoteza majani mia, akakipachika kwenye kitu kinachokufa kwa jani moja, tena jani la Ufini, dakika ya tisini.

Sasa tuje kwenye odi, maana hapa ndipo wasomi wetu hung'ara. Chukua mechi yoyote ya mfano: nyumbani 1.80, sare 3.40, ugenini 4.20. Gawanya moja kwa kila namba. Unapata asilimia 55.6, na 29.4, na 23.8. Zijumlishe. Ni 108.8. Ulimwengu wa Mwenyezi Mungu una asilimia mia. Ulimwengu wa kampuni ya kubeti una mia na nane nukta nane. Hizo nane za juu ndizo zinazolipa matangazo, wafanyakazi, na fulana za bure unazozipenda. Hawahitaji kukuibia wala kupanga matokeo. Wanahitaji tu urudi kesho.

Mechi za mpwa wangu zilikuwa na odi ya 1.31 kila moja. Ukiweka elfu moja kwenye mechi moja ya aina hiyo, tena na tena, kwa wastani inakurudishia 0.7 mara 1.31, yaani shilingi 917. Umekatwa themanini na tatu. Si kitu, bei ya nusu andazi. Lakini mechi kumi kwenye mkeka mmoja ni kukatwa juu ya kukatwa, mara kumi. Elfu moja yako, kabla mpira haujawekwa katikati, ina thamani ya shilingi 420. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kina mwenyewe.

Nilimwambia hayo yote. Akanijibu kwamba mkeka ukitiki analipwa 14,884. Hapo sikuwa na la kusema. Ni kweli.

Dai deni lako

Kijiweni hakuna hoja inayopigiwa makofi kama hii: "Hii timu imefungwa mara tano mfululizo. Leo lazima ishinde." Ipokee bila maswali. Dunia ina daftari, na kila bahati mbaya imeandikwa humo kama mkopo dukani kwa Mangi. Mwisho wa mwezi utalipwa.

Usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, wafuasi wa kanuni hii walikusanyika kuizunguka meza moja ya ruleti. Kigololi kilikuwa kinaangukia nyeusi. Tena nyeusi. Baada ya mara kumi na kitu watu wakaanza kumimina fedha kwenye nyekundu, maana lazima. Kila nyeusi iliyoongezeka iliongeza imani, na imani iliongeza dau. Nyeusi ilitoka mara 26. Gurudumu la namna ile lina vishimo 37: vyeusi 18, vyekundu 18 na sifuri moja. Nafasi ya nyeusi kutoka mara 26 mfululizo, ukiihesabu kabla ya kuanza, ni moja katika takribani milioni 137. Lakini aliyesimama pale akiwa ameshashuhudia nyeusi 25 hakuwa anangojea muujiza wa milioni 137; alikuwa anangojea mzunguko mmoja, na mzunguko mmoja una nyeusi kwa asilimia 48.6, kama ule wa kwanza. Gurudumu halikumbuki. Mangi ana daftari. Gurudumu hata kalamu halina.

"Sasa Mwalimu," aliniuliza dereva mmoja wa bodaboda, kijana mwenye akili kuliko wengi niliowafaulisha, "mbona ulitufundisha sarafu ukiirusha sana inafika nusu kwa nusu? Itafikaje bila kulipa?" Swali hilo lilinifanya niache kahawa. Kwa miaka yote darasani sikumbuki kuulizwa swali zuri kama lile.

Jibu lake lina mtu. John Kerrich, mwanahisabati aliyekuwa akifundisha Afrika Kusini, alikuwa Denmark mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia nchi ile, akawekwa kizuizini. Mtu mwingine angechonga vijiko. Yeye alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila mrusho. Vichwa vilitoka mara 5,067. Angalia vizuri: sarafu ile ilikuwa imezidisha vichwa 67 juu ya nusu, na haikuonyesha dalili ya kuvirudisha. Lakini 67 katika elfu kumi ni robo tatu tu ya asilimia, na haizifikii hata hizo. Asilimia inakaribia nusu kwa sababu ziada inazama kwenye wingi, kama kijiko cha chumvi ulichomwaga baharini pale Feri. Chumvi haijatolewa, maji ni mengi. Jacob Bernoulli wa Basel ndiye aliyelithibitisha jambo hili, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake.

Dereva akafikiri kidogo. "Kwa hiyo ukiliwa, umeliwa." Sijawahi kuona nadharia ya Bernoulli ikifupishwa vizuri hivyo.

Majumbani nako kanuni ya deni ina wafuasi. Mabinti watano, na ndugu wa mume wamekaa mkutano: wa sita lazima awe wa kiume. Mwaka 1710 daktari John Arbuthnot alipitia rekodi za ubatizo za London za miaka 82, akakuta kila mwaka bila kukosa wavulana wamewazidi wasichana kidogo. Kwa hiyo hata hiyo sarafu haiko sawasawa. Imeegemea wavulana, kama 51 kwa 49. Lakini imeegemea hivyohivyo kwa mimba ya kwanza na ya sita. Haijui waliotangulia. Wanaojua ni mawifi.

Msikilize aliyeshinda, na yeye peke yake

Kwenye bango kubwa barabarani kuna kijana ameshika hundi ya plastiki ndefu kuliko mlango wa chumba changu. Mtazame kila unapopita. Usijiulize waliopoteza wamewekwa kwenye bango gani, maana lingeanzia Ubungo na kuishia Morogoro.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vinaendelea, Wamarekani walichunguza ndege zao za kivita zilizorudi na kukuta matundu ya risasi yamejaa kwenye mabawa na kiwiliwili, huku kwenye injini yakiwa machache. Fikra ya kawaida ni kuongeza bati palipotobolewa. Abraham Wald, mtakwimu mzaliwa wa Austria-Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alisema kinyume: ongezeni pale pasipo na matundu. Ndege zilizopigwa injini hazikurudi kuhesabiwa. Wahenga wetu walikwisha kuonya kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, ila wao hawakuwa na ndege za mfano.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, nunua mkeka kwa mtabiri. Yupo kwenye simu yako sasa hivi, ana picha ya gari lisilo lake. Anaanza na watu 800. Nusu anawatumia ujumbe kwamba mechi ya Jumamosi itakuwa na mabao matatu au zaidi, nusu kwamba yatakuwa pungufu. Jumapili kuna watu 400 wanaosema jamaa ni noma. Wale wengine hawatumii tena kitu. Anawagawa tena: 200. Tena: 100. Wiki ya nne anabaki na watu 50 waliomwona kwa macho yao akipatia mara nne mfululizo bila kukosa. Hao anawaambia kwamba wiki ya tano ni ya kulipia, elfu ishirini tu. Hajui mpira. Anajua kugawanya kwa mbili, kazi niliyoifundisha darasani kwa mshahara ambao sitautaja.

Ukiona wastani, upigie saluti

Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya harusi yenye wajumbe ishirini. Kumi na tisa tulitoa elfu hamsini hamsini. Wa ishirini, mjomba wa bwana harusi aishiye Muscat, alituma milioni nne. Mwenyekiti akapiga hesabu, akasimama na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba wastani wa mchango ni shilingi 247,500, na kwamba walio chini ya wastani wajitafakari. Tukajitafakari, watu kumi na tisa kati ya ishirini. Ungetupanga mstari kwa kufuata mchango na kumtazama aliye katikati, mtu ambaye vitabu vinamwita mediani, ungemkuta na hamsini yake. Ungetafuta kiasi kilichotajwa mara nyingi zaidi, yaani modi, ungepata hamsini ileile. Namba moja tu ndiyo ilikuwa imekwenda Muscat, na ndiyo iliyotangazwa.

Sensa ya mwaka 2022 ilikuta Watanzania 61,741,120, na kaya yenye wastani wa watu 4.3. Nimepita nyumba nyingi nikimtafuta huyo nukta tatu. Nadhani ni mpwa wangu siku za juma. Wikiendi huwa kwenye simu kabisa.

Fanya utafiti wako mwenyewe

Ukitaka kujua nchi inawaza nini, waulize watu wa kijiweni. Nimeuliza: wanane kati ya tisa wanaamini kubeti kunalipa. Wa tisa alikuwa muuza kahawa, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na pesa.

Elimu ya sampuli ninayoiamini niliipata kwa mpishi wa pilau kwenye harusi ileile. Sufuria la watu mia tatu, naye anaonja kijiko kimoja. Nikamuuliza kama kijiko kimoja kinatosha sufuria kubwa hivyo. Akaniambia hata lingekuwa la watu elfu, kijiko ni kilekile. La muhimu umekoroga. Wanafunzi wangu wengi walimaliza shule wakiamini sufuria kubwa linadai upawa mkubwa. Haliudai. Linadai mwiko.

Jarida la Marekani liitwalo Literary Digest lilisahau mwiko. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 1936 lilituma kura za mfano zaidi ya milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, na likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt kwa 57 dhidi ya 43. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Anwani nyingi zilikuwa zimetoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Wenye njaa hawakuwa na simu ya kuandikwa kitabuni, na waliojibu walikuwa wenye hasira kuliko wasiojibu. George Gallup, kwa watu wapatao 50,000 waliokorogwa vizuri zaidi, alisema Roosevelt. Digest lilifungwa mwaka 1938. Lilikuwa na upawa wa watu milioni mbili na lilionja mafuta ya juu.

Fulana

Hili ni fupi. Mpwa wangu ana fulana ya njano ambayo akiivaa timu yake inashinda. Amekwisha kuthibitisha mara saba. Nikamuuliza mara ngapi ameivaa na timu ikafungwa. Akasema siku hizo haihesabiki kwa sababu ilikuwa haijafuliwa. Jogoo awike asiwike kutakucha, lakini jogoo wetu anawika kila alfajiri na kunakucha kila alfajiri, na ukimwambia hahusiki anakuonyesha ushahidi.

Mkeka wa Jumamosi ile

Nirudi kwenye ile elfu moja. Saa tatu usiku mpwa wangu alikuja mbio kijiweni, simu mkononi kama mtu aliyebeba yai. Mechi tisa zimetiki. Zote. Imebaki ya Ufini, ambao majira ya kiangazi saa zao na zetu ni zilezile, kwa hiyo hata usingizi haukuwa kisingizio. Mpira ulikuwa haujaanza, na kampuni ilikuwa imetuma ujumbe: wako tayari kuununua mkeka pale pale kwa shilingi 8,000.

Nikachomoa kalamu, nikaandika kwenye gazeti la kufungia kashata. Asubuhi mkeka huu ulikuwa na asilimia 2.8. Sasa hauna tena. Yaliyotokea yameshatokea, na uwezekano unahesabiwa upya kwa kile kilichobaki. Kimebaki kitu kimoja cha asilimia sabini. Sabini ya 14,884 ni kama 10,400. Wanaompa elfu nane wanamkata hata anapokimbia. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, "Mwanangu, usiuze. Una sabini."

Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemhurumia mzee. "Mjomba, timu ama itashinda ama haitashinda. Ni hamsini kwa hamsini." Na hakuuza.

Bao la timu yetu liliingia dakika ya 61. Dakika ya 88 waliokuwa wageni walipata kona, kisha nyingine. Mwamuzi akaonyesha dakika tano za nyongeza. Fundi redio alikuwa amesimama juu ya benchi. Mtu akaninong'oneza, "Mwalimu, kahawa yako imepoa, nikumiminie nyingine?" Nikagundua kwamba tangu bao lile nilikuwa nimeshika kikombe kwa mkono wa kushoto, mkono ambao huwa siutumii kwa kahawa. Nilimwambia aniache. Kilikuwa tupu tangu zamani, na sikukibadilisha mkono.